Siku Kasuku Aliponyamaza

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu nyingi. Natumaini barua hii inakukuta salama huko mafunzoni, na kwamba mgongo umeacha kukusumbua. Sisi huku ni wazima. Neno hilo naliandika kwa shukrani, maana wiki iliyopita nisingethubutu kuliandika.

Usishtuke. Hivi ninavyoandika, binti yako amekaa chini ya cherehani yangu, anavigombeza vipande vya kitambaa. Kasuku wetu ni yule yule, mdomo haufungi. Ila Jumanne aliamka akitapika, kisha akaanza kuharisha maji matupu, mara tano kabla sijatunga uzi kwenye sindano. Nikasema ni tumbo tu, litapita. Kufika adhuhuri, mtoto ambaye hanyamazi hata akiwa na tonge mdomoni, alikuwa kimya.

Unamkumbuka yule mama dobi wa mlango wa pili, niliyegombana naye kwa sababu nguo zake zinanichuruzikia mlangoni? Miezi mitatu hatukupeana hata salamu. Alikuja kuanua nguo, akamwona mtoto amelala kwenye mkeka, akaingia moja kwa moja. Alimfinya ngozi ya tumbo, ikachelewa kurudi. Macho yalikuwa yamedidimia, midomo mikavu. Kasuku akalia, chozi halikutoka.

“Huyu anakauka, kaka,” akaniambia. “Kinachoua ni maji yanayotoka bila kurudishwa.”

Akaleta kutoka kwake pakiti ya ORS, ile dawa ya unga wa chumvi na sukari, akaikoroga yote kwenye lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa, akaanza kumnywesha kijiko kwa kijiko. Mtoto akitapika, tunasubiri dakika kumi, tunaanza tena polepole. Tukaenda zahanati hivyo hivyo, yeye amembeba, mimi nimeshika kikombe.

Daktari alisema tumewahi. Dawa ya kufunga tumbo hakutoa. Alisema hiyo si ya watoto. Alituweka pale mtoto akiendelea kunyweshwa, akampa vidonge vya zinki, akaniagiza nisimkatize chakula, ninawe mikono kwa sabuni, na nikiona damu kwenye choo au akishindwa kunywa nirudi mbio. Kabla jua halijazama, Kasuku alikojoa. Dada, sikujua mtu mzima anaweza kushangilia mkojo! Nesi alicheka, mimi nikalia.

Sasa nikuambie lililonifanya nishike kalamu. Asubuhi ile mwanao aliniomba maji, mara mbili, nami nikamnyima. Niliamini maji yanazidisha kuharisha, nikaliweka jagi juu ya kabati asilifikie. Zahanati waliponiuliza, nikasema mtoto mwenyewe alikataa kunywa. Niliona aibu, nikadanganya.

Juzi nilimweleza mama dobi ukweli, nikitegemea anishushue. Aliweka pasi pembeni, akalikunja shuka lililokuwa mbele yake.

“Wangu wa kwanza nilimnyima hivyo hivyo,” akasema. “Siku ile hakuna aliyepita mlangoni kwangu.”

Nisamehe, dada. Na ukirudi, hata kabla hujafungua mizigo, nenda kamshukuru. Mimi nimejaribu, maneno hayatoshi.

Ukiongea na shemeji, msalimie sana. Kasuku ananivuta shati, anataka niandike kwamba viatu vinambana na kwamba ukija uje na vikubwa.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye,
Fundi