Popo wa Chumba cha Kushonea

4 Februari

Kwa mwanangu mpenzi,

Salamu nyingi zikufikie hapo ulipo. Ukiuliza hali yangu, mimi mzima, ila goti tu, na goti nalo tumeshazoeana. Baba yako mzima, anasema ule, usichague chakula. Bibi yako mzima, masikio ndiyo yamegoma kabisa. Kaka yako mzima, mkewe mzima, mtoto wao ameota meno mawili ya chini, anang'ata kila mtu bila ubaguzi. Jirani yetu Kupe anakusalimu, ngazi yetu bado anayo. Kinyonga wa duka la mkaa naye anakusalimu. Juzi kwangu alimsema mkwe wa kaka yako, akaenda kwa mkwe akanisema mimi. Paka kazaa.

Barua yako nimeisoma mara tatu, mwenyewe, bila kusomewa. Nilicheka uliposema msimamizi akitoka na gari mnaacha cherehani mnajinyoosha juu ya marobota ya vitambaa. Lakini habari ya mlango wa nyuma kutiwa kufuli nanyi mko ndani mnashona, hiyo sikuipenda. Ukizuka moto mtapita wapi, mwanangu? Kwenye tundu la sindano?

Msimamizi ndiye mzazi wako huko. Mheshimu. Nami namsalimu kwa njia yangu.

Ni mimi mama yako.


2 Machi

Mama, shikamoo.

Natumaini wote hamjambo na goti limepoa. Mimi sijambo, ila kazini kumeharibika. Msimamizi amejua habari ya marobota. Alituita akatusema, akataja mpaka tunavyonyoosha miguu. Kati yetu kuna mtu anapeleka maneno.

Wenzangu wanamshuku fundi wa vifungo, yule ninayekaa naye chumba kimoja, kwa sababu kila jioni yeye ndiye anayepeleka ofisini nguo zilizokwisha kushonwa. Mimi sijui. Nilipougua alinipa shuka lake akalala bila. Lakini kama si yeye, nani?

Na hili usimwambie mtu: Jumatatu ya mwisho wa mwezi tunaweka mikasi chini wote. Hatushoni mpaka lile kufuli litoke.

Wewe ndiye bingwa wa kuwapa watu majina. Mtu wa namna hii ni mnyama gani?

Mwanao.


11 Machi

Mwanangu,

Tunakusalimu sote, mmoja mmoja kama kawaida, wazima. Mtoto wa kaka yako sasa ana meno manne, jihadhari ukija.

Umeniuliza mnyama. Nimefikiri huku napepeta mchele. Nyoka siye, nyoka ana sumu yake mwenyewe, hatumwi na mtu. Fisi siye, fisi anataka mfupa tu, ukimpa anakwenda zake. Huyo ni popo. Kwa ndege anaonyesha mabawa, kwa wanyama anaonyesha meno, na kote anasema mimi ni wenu. Kikulacho ki nguoni mwako, mwanangu, tena chumba kimoja! Shuka lisikudanganye. Usimpe siri tena.

Hiyo Jumatatu inanitia hofu. Mtagombana na mkubwa wenu bure. Naomba Mungu alainishe moyo wake, nami nafanya ninaloweza.

Mama yako.


20 Aprili

Mama, shikamoo.

Nimechelewa kuandika, nisamehe. Ile Jumatatu tulimkuta msimamizi mlangoni, amekwishakusanya mikasi yote kwenye ndoo. Akasema, "Mlitaka kuiweka chini? Nimewasaidia." Baadaye alitugawia mkasi mmoja mmoja kama watoto. Kufuli lipo pale pale.

Lile jina ulilotoa niliwaambia wenzangu, likaenea siku ile ile. Waliandika POPO kwenye stuli ya fundi wa vifungo kwa chaki ya kushonea. Chaki ilikuwa yangu, Mama. Waliniomba nikatoa. Aliifuta kwa kiganja, akakaa. Kesho yake wakaandika tena. Wiki mbili hakuna aliyemwamkia. Ijumaa akanitazama, akasema, "Hata wewe?" Akachukua mkasi wake, akahamia kwa dada yake nyuma ya soko. Kazi ameacha.

Shuka lake ameliacha kitandani kwangu.

Mwanao.


1 Mei

Mwanangu,

Wote wazima. Salamu utazipata siku nyingine.

Popo ni mimi.

Tangu Januari namwandikia msimamizi wako. Anwani niliitoa nyuma ya bahasha yako. Nilitaka ajue kwamba una wazazi, hukuokotwa. Na barua ya salamu tupu haina adabu, lazima utie habari, sasa mimi habari za huko ninazo zipi zaidi ya zako? Nikamwandikia kwamba watoto wamechoka mpaka wanajinyoosha juu ya marobota, awahurumie. Nikamwandikia kwamba wanataka kuweka mikasi chini, tafadhali baba, fungua mlango kabla hamjagombana. Alinijibu barua nzuri ya kupigwa kwa mashine, akasema niendelee kumpa habari. Nilifurahi. Nilimwonyesha hadi Kinyonga.

Ulisema nisimwambie mtu. Nikaona mtu ni Kupe, mtu ni Kinyonga. Yule msimamizi sikumhesabu, nilimdhani mzazi.

Barua yako niliisoma nimesimama, nikaketi chini hapo hapo. Baba yako akauliza nani kafa.

Sasa nisikilize. Karatasi ya pili humu ndani ni ya wenzako. Nimewaeleza yote kama nilivyokueleza wewe. Isome mbele yao kwa sauti, usiruke neno, hata pale nilipokosea kuandika. Watakusema, maana siri uliitoa wewe kwanza. Vumilia. Halafu wakitaka mlango ufunguliwe, wajipangie upya, na safari hii usiniambie siku.

Kwa fundi wa vifungo nenda mwenyewe, usimtume mtu. Mpelekee shuka lake, limefuliwa na kukunjwa. Usianze na maneno mengi. Mwambie aliyempa lile jina ni mama yako, naye analitaka lirudi kwake. Akikutukana, pokea, nusu ni yangu. Asipofungua, kaa hapo mlangoni.

Huyo mtu wa ofisini simwandikii tena, hata salamu.

Nijibu upesi, mwanangu, kwa mistari miwili tu inatosha. Niambie alifungua au hakufungua.

Mama yako.