Mistari Yetu ya Ulinzi Imefutwa

Ile mistari yetu ya ulinzi kwenye msimbo wa programu ya hifadhidata imefutwa yote. Na aliyefuta ni mimi.

Bosi mpya aliuliza kikaoni, "Nani anataka ibaki?" Mkono ulioinuka ni wangu peke yangu. Peke yangu, ndugu yangu! Kiti chako bado kitupu tangu utuache.

Bosi akasema, "Mzee, kielekezi, hicho kinachoonyesha data ilipo, kisipoelekeza popote, programu itaanguka yenyewe kwenye mstari unaofuata. Mstari wako wa ulinzi, bawabu huyu, anazuia nini?"

Nikamjibu kwamba anatuonya mapema.

"Mapema ya mstari mmoja?" Wakaangua kicheko.

Kinachoniuma ni kwamba kasema kweli.

Nimefuta mistari mia mbili na kumi na miwili. Kumi na tisa uliiandika wewe, na ilikuwa na jina lako pembeni. Sasa halipo popote.