Picha Ni Nzuri, Ila Mimi Nasema Bado

Shangazi mpendwa, shikamoo. Naomba unishike mkono kabla ya Jumamosi, maana nimechimba shimo kwa mikono yangu mwenyewe na sasa anayekaribia kutumbukia ni jirani yangu, ambaye hana kosa lolote.

Mimi ni mke na mama wa watoto wawili, nafanya kazi ya mapokezi kwenye kliniki ya meno, ambako watu hukaa midomo wazi kutwa na hakuna anayeongea, na mume wangu ni fundi saa, kutwa ameinama juu ya vigurudumu vidogo kama mbegu za ufuta, naye haongei na mtu, kwa hiyo akirudi nyumbani maneno yamemkauka, anakula, anashukuru, anakaa mbele ya televisheni, na nikimuuliza siku imeendaje anajibu nzuri, basi, hotuba imekwisha. Si mkali, Shangazi, wala hana mambo ya nje, ni mtu mwema kabisa, ila mdomo wake una kufuli.

Miezi minne iliyopita televisheni ikaanza kusumbua, picha inaganda, nyuso za watu zinakatika vipande vipande, mtangazaji anabaki na jicho moja, mume wangu akapanda ngazi hadi juu ya paa kugeuza antena na mimi nikabaki sebuleni kumwambia kama picha imerudi. Anauliza vipi, nasema bado, na sasa je, bado, na katikati ya hizo bado, Shangazi, yule bwana akaanza kuongea. Alianza na anachokiona kutoka juu, kwamba kinyozi amefunga mapema leo, huenda mkewe ameshajifungua, akaendelea na utoto wake, jinsi alivyoifungua saa ya babu yake kumtafuta mdudu anayelia humo ndani akaambulia viboko, nikacheka mpaka nikakaa chini. Siku nyingine, akiwa huko huko juu, alinifungulia jambo ambalo hajawahi kuniambia kwa miaka kumi na moja ya ndoa, kwamba ile saa ya ukutani ya baba yangu aliyoitengeneza wakati ndiyo kwanza tunajuana haikuwa na ubovu wowote, ilihitaji tone la mafuta tu, lakini alirudi kwetu siku sita mfululizo akidai kuna kifaa anakisubiri, ili anione nikimletea maji ya kunywa.

Sasa kosa langu. Wiki ya pili, nikiwa nafagia nyuma ya kabati la televisheni, niliona waya wa antena umelegea pale unapochomekwa, nikausukuma, picha ikawa safi kabisa. Ilinipasa nimwambie. Badala yake jioni ile nilijikuta naulegeza tena, kidogo tu, picha ikaganda, akapanda. Tangu hapo ndiyo imekuwa kazi yangu, mara tatu kwa wiki, naulegeza kabla hajarudi, anapanda, tunaongea, nikishiba maneno nausukuma na kumwambia imekuja, naye anashuka kifua mbele kama mtu aliyeokoa nchi.

Sikujua kwamba mtu wa saa hafanyi jambo bila kipimo. Ameanzisha daftari, anaandika siku, saa, upepo na upande ambao antena imeelekea, amechora alama za chaki kwenye mlingoti, na nyumba mbili za mtaani zimeshamwita azitengenezee na zao. Mwezi uliopita daftari likamwambia kwamba picha huharibika jioni, na jioni ndipo jirani yetu, muuguzi mstaafu anayeishi peke yake, hujaza tenki lake la maji lililo juu ya mnara wa vyuma upande wa pili wa ukuta. Akakata shauri kwamba tenki likijaa linazuia mawimbi. Amemwandikia mwenye nyumba wetu, ambaye ndiye mwenye nyumba wa yule mama pia, kurasa tatu pamoja na mchoro, na mwenye nyumba amesema atakuja Jumamosi asubuhi na mafundi walishushe.

Juzi yule mama alinikuta naanika nguo. Hakunifokea hata kidogo. Aliniambia, "Mwanangu, kama tenki langu linawazibia picha, acha walishushe. Nilibeba ndoo kabla yake, nitabeba tena, mgongo utazoea." Mimi nikajifanya natafuta vibanio.

Nikisema ukweli, mume wangu ataumbuka mbele ya mtaa mzima, lile daftari lote litakuwa upuuzi, na pengine hatanisemesha tena. Nikinyamaza, mama wa watu atarudi kwenye ndoo. Silali vizuri, Shangazi. Nifanyeje?

Ni mimi,
Mlegeza Waya

*

Marahaba, Mlegeza Waya.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka mpaka mhariri akaja kuuliza kulikoni. Mara ya pili nilipofika kwa yule mama na ndoo zake, kicheko kikanikauka.

Kutamani sauti ya mumeo sikulaumu. Wapo wasomaji wangu ambao waume zao huongea asubuhi mpaka jioni, na wangefurahi kuwapandisha paani na kuondoa ngazi. Lakini ulipoona mtu mzima anajitolea kuumia kwa ajili ya uongo wako, wewe ukatafuta vibanio! Hapo umenikera. Njia ya mwongo ni fupi, na yako inaishia Jumamosi asubuhi chini ya tenki la jirani. Halafu, hivi hujawahi kufikiria kwamba mabati huteleza? Ungeyasikia maneno yake ya mwisho ukiwa umeshika waya.

Sasa sikiliza. Usingoje jioni. Ukimaliza kusoma hapa, nenda kwa yule mama umwombe radhi. Mwambie tenki lake halina kosa, ni waya wa kwenu uliokuwa unalegea, na kwamba wewe ulijua ukanyamaza. Mambo ya kufuli la mdomo wa mumeo si lazima umsimulie, ingawa muuguzi mstaafu ameshasikia makubwa kuliko hayo.

Kisha mumeo. Usimweleze kwanza, maana mtu wa vipimo humshindi kwa maneno. Mpeleke nyuma ya kabati, aulegeze waya mwenyewe, ausukume mwenyewe, aone. Akigeuka kukutazama, mwambie, "Picha ilikuwa nzuri. Mimi nilitaka kukusikia wewe." Ishia hapo. Usiongeze machozi, wala usianze kumhesabia jioni alizokunyamazia.

Aibu ipo, na haikwepeki, ila igawaneni. Barua ya kwenda kwa mwenye nyumba aliiandika yeye, kwa hiyo ataifuta yeye, lakini wewe ndiye utakayempigia simu mwenye nyumba leo hii, kabla hajakusanya mafundi, umwambie kosa ni lako. Usimwache mumeo asimame peke yake na mchoro wake mkononi. Na akianza kukupa somo la uaminifu, muulize taratibu kile kifaa alichokuwa anakisubiri kwa baba yako kilifika lini. Mmekutana wa aina moja, mwanangu, tofauti yenu ni kwamba yeye aliisumbua saa ya ukutani na wewe umemsumbua mama wa watu.

Waya huo ubadilishiwe kichwa, usirudi kukutia majaribuni. Antena ifungwe bolti penye picha nzuri na ngazi irudi stoo.

Baada ya hapo, chagueni jioni mbili kwa wiki mkae nje, ubavu kwa ubavu. Katika barua yako mumeo alisema yote akiwa hakuoni, na wewe humwoni. Wapo watu ambao maneno yao hutoka wakiwa hawatazamwi na mikono ina kazi, basi mpe maharage achambue. Na acha kumuuliza siku imeendaje, swali hilo hata mimi hujibu nzuri. Muulize leo ameletewa saa ya aina gani, ya nani, ilikuwa inaumwa nini, na mwenye saa alisema iliangukaje.

Atakasirika, sikufichi. Pengine atapaza sauti mpaka watoto wachungulie mlangoni, na pengine atakusomea miezi minne ukurasa kwa ukurasa. Usimkatize, wala usikimbilie jikoni. Vuta kiti, ukae, umsikilize mpaka mwisho. Huyo ni mumeo anaongea na wewe, ndani ya nyumba, na televisheni mmeizima.