Tope la Chini Kabisa Limeliwa

Alhamisi, Agosti 1996, Mpanda. Jua kali tangu asubuhi, vumbi mpaka kwenye meno, na mimi sina raha.

Kesho natakiwa kupanda treni kwenda Dar na vipande vyangu vya tope. Ni tope jeusi la kinamasi cha kule Majimoto, majani na nyasi zilizooza na kulaliana kwa maelfu ya miaka. Tulilitoa kwa bomba la chuma, kipande baada ya kipande. Maabara watapima kaboni wajue umri wake, kisha mimi nitatafuta chavua, ile poda ya maua ya kale, ndani yake, nijue kama hapa kwetu zamani kulikuwa na misitu au mbuga kavu. Kipande cha chini kabisa ndicho kilikuwa roho ya kazi yangu. Kingesema kinamasi kilianza lini.

Kimeliwa.

Mchana nimevuta sanduku kutoka chini ya kitanda, hapa Nsemulwa kwa dada Nyamizi, nikakuta nailoni imefunguliwa na kimebaki kijipande cha ukubwa wa kidole. Nikafikiri panya. Nikamwita dada tuwalaani pamoja. Akasimama mlangoni anaangalia chini, pembeni mwa midomo ana weusi.

Nilifoka jamani. Nikamwambia hakuna kipande kingine kama kile, bomba limesharudi Dar, masomo yangu yamekwisha. Akaniacha nimalize.

"Kilinukia mvua, mdogo wangu," akasema. "Nilikikausha jikoni nikawa nakula kidogo kidogo. Nimeshindwa kujizuia."

Hapo ndipo akili ikanijia. Kwetu nani anakula udongo?

Nikamuuliza ni mwezi wa ngapi. Wa tatu, akasema. Anayejua ni shemeji peke yake, maana mimba mbili za mwanzo zilitangazwa mapema zikatoka, na safari hii aliapa kufunga mdomo mpaka tumbo lionekane lenyewe. Udongo wa sokoni, anasema, unamnukia sabuni. Nikakaa sakafuni. Hasira haikuisha, niseme ukweli, ila ilikosa pa kwenda.

Baadaye akataka kujua lile tope lina umri gani. Nikamwambia pengine lilikuwa pale kabla ya Wapimbwe wenyeji wa kule, kabla ya mtu yeyote tunayemjua.

"Basi huyu atazaliwa mzee," akasema, akacheka, na mimi nikacheka huku nalia.

Treni itaondoka bila mimi. Asubuhi nitampeleka kliniki wamwangalie, na tope lake tumboni. Halafu nitampigia profesa simu nimweleze kama ilivyotokea, akitaka anicheke.

Ila kinachonikosesha usingizi si profesa. Miezi yote hii nimelala nyumba moja na dada yangu. Wachungaji nimewauliza habari za kinamasi, wavuvi nimewauliza, wakulima wa mpunga nimewauliza mpaka wakanichoka. Yeye nilimuuliza lini kama amelala salama?