Kwa Kokulinda, Aliyetuachia Kobe

Mwaka umezunguka, Koku, tangu asubuhi ile ulipotutoka hospitalini hapa Mwanza, kaka yako Venant akiwa kwenye benchi la nje na chupa ya uji ambao hukuwahi kuunywa.

Wateja wako wa Mirongo bado wanapita kwenye kibaraza chako wakiuliza nani sasa atawashonea. Ulikuwa fundi uliyekataa kumkabidhi mtu nguo yenye pindo lililopinda, hata harusi iwe kesho yake. Wanawake uliwawekea mifuko kwenye magauni bila wao kuomba. "Mwanamke asiye na mfuko anaficha simu kifuani kama mwizi," ulisema, nao wakacheka na kurudi tena. Chai yako ya tangawizi uliipuliza mpaka ikapoa, kisha ukaisahau. Kanisani uliingia kila ubeti kabla ya wenzako, na mwalimu wa kwaya alishakata tamaa ya kukurekebisha.

Ulikuwa na tabia moja iliyomkera Venant, nayo ni kuokota kila kisicho na mwenyewe. Alivumilia paka mwenye chongo. Alivumilia kuku aliyevunjika mguu. Lakini kobe alizidi. Mteja wako aliyekuwa akihamia Arusha alikuachia kobe huyo pamoja na kibali chake cha maliasili, nawe ukampakata kwenye bajaji mpaka nyumbani kwako Igoma, ukampa jina la Mgeni.

Venant alipomwona alitema mate pembeni. Ni mchomeleaji, amezoea moshi na kutu, ila shingo ile ilimshinda. Alisema inafanana na soksi ya mzee iliyolowa.

"Koku, hiki ni kitu gani?"

"Mgeni wangu. Msalimie."

"Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huyu utampa nini?"

"Nitampa wewe, umjengee ua."

Akajenga huku akinung'unika, nyuma ya nyumba, kuzunguka lile jiwe kubwa linalopata jua la asubuhi. Alitaka kutumia wavu, ukamkatalia. Ulimwambia kobe akiona nje atashinda akikwaruza kutafuta tundu, na asipoona atatulia. Ndipo akaweka mabati chakavu. Wewe ukalaza sanduku la mbao pembeni ili apate kivuli na mahali pa kujificha, ukaweka maji kwenye sinia fupi asije akazama. Kisha ukatufukuza wote.

"Acheni kumshikashika. Amehamishwa kwao. Hata nyie msingekuwa na hamu ya kula."

Siku za mwanzo hakugusa kitu. Ulichungulia juu ya mabati kila ulipopita, ukiwa na sindano mdomoni. Alipoanza kung'ata majani mawili matatu, wewe ndipo miguu yako ilipoanza kuvimba. Figo zilikuwa zimechoka, na sisi hatukujua.

Pale kitandani ulimshika Venant mkono wa shati. "Kaka, mwangalie Mgeni ale. Nyasi, majani, na jua. Msimpe vyakula vya watu." Akakujibu, "Nitamwangalia." Baada ya hapo hukuomba kingine zaidi ya maji. Ndiyo maana kobe yule alipaswa kuishi, ingawa Venant hakupenda hata kumtazama.

Tulikuzika Muleba kwenye migomba, kando ya Baba. Tukarudi Igoma kumalizia matanga nyumbani kwako, na Mama akaja nasi. Hapo ndipo uchafu ulipoanza, Koku. Tunalisema wazi kwa sababu wewe ungelisema kwa sauti kubwa zaidi.

Waombolezaji walimgundua Mgeni, na kila aliyeshiba alitaka kumshibisha na yeye. Venant akawaambia maneno yako. Mama akamkata jicho.

"Mgeni wa binti yangu ale nyasi? Na mimi nikiwa hapahapa? Watu watasemaje?"

"Mama, ni kobe."

"Ni mgeni. Baba yako hakuwahi kumpa mgeni nyasi."

Nani angebishana na mama aliyetoka kumzika mwanawe? Kwetu mtu akiingia hupewa buni, kahawa ya kutafuna, kabla hajaulizwa ametoka wapi. Basi kobe akawekewa buni. Hizo alizikanyaga. Akaletewa ndizi zilizopikwa na maharage, akaletewa senene wa kukaanga, wale panzi wanaotoka Bukoba kwenye kopo lililofungwa vizuri, ambao mtu humpa anayemheshimu. Mwingine akamchovya mdomo kwenye soda. Na yeye, aliyekuwa akidonoadonoa majani kwa shida, vitamu hivyo akavila.

Kilichotoka nyuma yake hatutakieleza chote. Kilikuwa cha maji, kina miguu ya senene ndani, na harufu yake iliwahamisha wanajumuiya na viti vyao mpaka upande wa barabara. Venant alizoa kwa beleshi, leso imefungwa puani, akatoka kutapika, akarudi kumalizia.

Lakini kinyesi hakikumtia kinyaa kama watu. Obedi, binamu yetu, aliyekula sahani juu ya sahani na hakushika hata chepeo makaburini, alimgonga Mgeni gambani kama anayechagua papai, akauliza nyama yake inaliwa na nini. Wengine walimgeuza chali ili wapige naye picha, miguu ikipiga hewa, wao wakichekelea. Msibani kwako, Koku! Na Shangazi Dorcas akatangaza kwamba mnyama huyo ndiye aliyekuletea mkosi, apelekwe Busisi akatupwe ziwani.

"Huyu ni kobe wa nchi kavu, Shangazi. Atazama."

"Ndiyo maana nikasema ziwani."

Venant aliingia ndani ya ua wa mabati akasimama mbele ya sanduku. "Atakayemgusa tena," alisema, "nitamchomelea mlango wa nyumba yake, yeye akiwa ndani." Wakajua hatanii.

Ila alikuwa amechelewa. Mgeni alikuwa ameingiza kichwa na hakukitoa. Macho yalivimba yakafumba. Venant alimwekea majani mabichi, hakuyagusa. Akayabadilisha, ikawa vilevile. Kila akiinama pale alisikia tena lile jibu lake, "Nitamwangalia", na akatamani lingetoka kwenye kinywa cha mtu mwingine.

Mama naye alikuwa na lake. Alikataa kukaa kwenye vigae vyako. Alisema mfiwa hakai juu ya vigae kama mteja wa benki, akataka nyasi zitandazwe sebuleni kama nyumbani zamani. Wifi yako Annet akaenda kukata nyasi mbichi pembezoni mwa kiwanja, akajaza sebule nzima. Harufu ya Muleba ikaingia ndani, na Mama, kwa mara ya kwanza tangu mazishi, akanyoosha miguu.

Mchana wake mvua ikashuka kutoka ziwani, ya upepo na baridi. Venant akamtoa Mgeni kwenye ua kwa mikono miwili, uso ameugeuza upande. Akamkalisha kwenye beseni lenye maji ya uvuguvugu yasiyopita kidevu chake, akamsafisha matako kwa kitambaa, yeye ambaye hajawahi kumsafisha hata mtoto wake. Kisha akamweka kwenye kona ya sebule, akaondoka kwenda kunawa kwa sabuni ya unga.

Mvua ilipokatika jua likaingia mlangoni. Tulikuwa tunasali rozari. Mama akanyamaza ghafla katikati ya fungu, akainua kidole. Kulikuwa na mlio mdogo karibu na paja lake, mlio wa kukatakata, kama mkasi unaopita kwenye kitambaa.

Mgeni alikuwa ametoa kichwa. Alikuwa anakula nyasi alizokalia Mama.

Mama akasogeza paja ampishe. "Kumbe," alisema, "anakula mkeka wetu."

Annet ndiye aliyeanza kucheka. Shangazi Dorcas alijifunika kanga usoni, lakini mabega yalimsaliti.

"Venant," Mama akaita, "mdogo wako alisema nini vile?"

"Nyasi, Mama. Nyasi, majani, na jua."

"Na wewe na ukubwa wako ukaniachia nimpe senene!"

Siku hiyo vyakula vya watu vililiwa na watu tu.

Tangu hapo Mama hajarudi Muleba ila kwa kusalimia. Asubuhi humpelekea nyasi zilizochanganywa na matembele, na maua mekundu ya ua wa jirani akiruhusiwa, na asiporuhusiwa huchuma tu. Humsagia maganda ya mayai akamnyunyizia juu, kwa ajili ya gamba. Tunda anamwonjesha kwa nadra. Mtu akifika na mkate, Mama anamwuliza kama na yeye amekuja kuua. Macho ya Mgeni yamefunguka, gamba ni gumu, na jua likitoka yuko tayari kando ya jiwe, shingo ameinyoosha. Shingo hiyo bado ni mbaya. Venant anasema haitazoeleka hata kwa miaka mia.

Misa ya kukuombea itasomwa Jumapili hii, misa ya kwanza ya asubuhi, parokiani kwetu, kisha tutakaa nyumbani kwako Igoma. Watakaokuja wanakaribishwa kwa moyo wote. Wasije na chakula cha kobe. Obedi anaweza kuja, ila ameshaambiwa maswali ya mchuzi ayaache kwake.

Hukutuachia mzigo mkubwa, Koku. Uliomba jambo moja. Anakula. Anakula, anakunya, na kaka yako anazoa.

Unakumbukwa na mama yako Wilhelmina, kaka yako Venant, wifi yako Annet, shangazi yako Dorcas, wateja wako wa Mirongo, na jumuiya yako ya Igoma.

Tutakukumbuka mpaka nasi tuwe wa kukumbukwa.