Sanduku la Samaki wa Mama

Kambi ya Uzio,
Mto Tulukaq,
23 Agosti

Kwa dada yangu Nastasia,

Salamu nyingi zikufikie huko Anchorage, wewe na shemeji Pavel na watoto. Natumaini mgongo wa shemeji umepata nafuu na kwamba Sofia ameshazoea shule mpya. Huku sisi ni wazima. Mama anakohoa asubuhi, lakini anakula, anatembea, na bado anamkemea kila anayeacha wazi mlango wa kibanda cha moshi. Mimi mwili wangu hauna neno. Mengine nitakueleza, na unisamehe tangu sasa, maana nimekasirika na sina nia ya kuficha.

Barua yako nimeisikia. Sisemi nimeisoma, kwa sababu hukuniandikia mimi. Ulimwandikia Shangazi Matrona, naye, kama ulivyojua fika, akaisoma kwenye redio ya upepo, ambayo kila nyumba na kila boti huiacha wazi kutwa. Nilikuwa nimesimama mtoni, maji kiunoni, naondoa majani yaliyonasa kwenye uzio wa kuhesabia samaki. Nikamsikia shangazi akitangaza kwamba samaki uliotumiwa ni watamu kama wa enzi za baba, kwamba mto umejaa na ulikuwa umejaa siku zote, na kwamba wahesabu wa ofisi ya samaki waliwaficha huku kijiji kikikaa na vichanja vitupu. Halafu ukanitaja kwa jina. Uliandika kwamba mdogo wako Olinka amejifunza kula sahani moja na wanaotufungia mto. Evon, mwenzangu wa kazi, alijifanya hasikii, akasugua nguzo moja mpaka ikang'aa.

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, dada. Mwaka wa tisa huu unanunua kuku dukani. Mimi kiangazi chote nimelala kwenye hema na mbu, nainuka kila baada ya saa chache kufungua lango la uzio na kuangalia nani anapita juu ya ubao mweupe tuliouzamisha. Mkono wa kulia nina kidude cha kuhesabia kwa kubonyeza, kwa ajili ya samoni wafalme, mkono wa kushoto kingine kwa ajili ya aina ya pili, samoni mbwa. Wafalme ndio wanaogombewa. Mbwa wapo tele na hakuna anayewalilia. Kila asubuhi naisoma hesabu kwa simu kwa Garrett, mtaalamu wa ofisi ya samaki aliyeko mjini. Wafalme wakifika elfu moja na mia nane, nyavu za huko chini kijijini zinaruhusiwa. Wasipofika, haziruhusiwi. Hiyo ndiyo kazi yangu yote, na kwa hiyo nimetukanwa kuliko mwizi.

Mwezi wa sita mzima mto ulifungwa. Nilipokwenda dukani kuchukua chai, Mzee Zakar alikuwa ameketi mlangoni na wenzake. Akaniuliza, "Mhesabu, leo umetuhesabia njaa ngapi?" Wote wakacheka, nami nikacheka, kisha nikaenda nyuma ya matangi ya mafuta nikalia. Kwenye banda la kuogea kwa mvuke wanawake walinyamaza nilipoingia, wakaanza kuzungumzia hali ya hewa. Hawa ni watu walionibeba mgongoni, dada. Na ningewaambia nini? Kwamba huko baharini meli kubwa zinazoa samaki wetu pamoja na wale wanaowatafuta, kisha zinawamwaga wafalme majini wakiwa wamekufa, wakati ajuza mwenye wavu mmoja ndiye anayekatazwa? Wanajua. Walinitukana mimi kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa karibu.

Garrett naye alinichosha kwa adabu yake. Kila nikimwambia watu wana njaa ya samaki wao, ananijibu kwamba anaelewa. Anaelewa nini, na jokofu lake limejaa nyama ya ng'ombe? Lakini nitakuwa mkweli: hakunikosea hata siku moja. Wahesabu wa mito mingine aliwauliza mara mbili tatu. Mimi aliniambia namba zangu hana haja ya kuzipitia, kwa kuwa nimekulia kwenye mto huu.

Tarehe tano ya mwezi wa saba, Evon alikwenda mjini kung'oa jino, nikabaki peke yangu. Asubuhi ile Mama akaja. Binamu Nick alimleta kwa boti, amevaa ile kofia ya baba, uluaq yake mapajani. Alikuwa ameshainoa, kisu tayari na samaki hakuna. Akaketi kwenye mchanga ukingoni akaangalia ninavyofungua lango. Hakulalamika. Unajua hatuvumilii ugomvi juu ya samaki nyumbani kwetu. Mama aliapa tangu tukiwa wadogo kwamba wakisikia wanagombewa hawarudi. Alingoja mpaka nilipomaliza, akaniuliza, "Wapo, mwanangu?"

Nikamjibu, "Wapo, Mama."

Akaitikia kwa kichwa, akasema basi atangoja, akapanda botini na kisu chake. Wakati ule wafalme waliopita walikuwa elfu moja na mia moja na sita, na kila siku walizidi kupungua.

Sasa soma vizuri, dada, maana hapa ndipo nilipokwama siku nne nikiandika na kuchana. Mchana ule mbwa walipanda kwa wingi, wanene, wamebanana langoni. Nilifikiri habari ya kile kisu. Nilifikiri habari ya Zakar, na meli, na Garrett anayeelewa. Hasira ilinipanda mpaka masikio yakaziba. Kila mbwa mkubwa aliyepita juu ya ubao, nilimbonyeza kwa mkono wa kulia. Siku tatu mfululizo. Sikukosea, sikuchanganyikiwa, maji yalikuwa maangavu. Wafalme mia saba na kumi na wawili niliomsomea Garrett hawakuwahi kuwepo. Alinishukuru. Alisema huenda mto umeanza kupona.

Jumamosi wakaufungua mto kwa muda wa saa kumi na mbili. Uliona picha: kijiji kizima majini, wazee wanacheka, vichanja vyekundu toka mwanzo hadi mwisho. Mama alipata wafalme kumi na tisa. Nilimsaidia kuwabeba. Kati ya hao, kumi na mmoja walikuwa majike wenye mayai, na walikuwa njiani kuja kwangu, kwenye lango langu, kwenda kuzaa. Juma lililofuata, uzioni walipita arobaini na watatu tu. Nilikaa juu ya lango nikiangalia ubao mweupe mtupu, na huko kijijini wananiita mwana wa mto.

Kwa hiyo unaposema mto ulijaa siku zote, mimi ndiye niliyekupa hayo maneno. Nakuchukia kwa kuyasema, na nimekosa haki ya kukuchukia.

Bado moja. Ulimsifu Mama kwa ukarimu, kwamba amekutumia sanduku zima, naye shangazi akapewa lingine, na Zakar, na wajane wote watatu. Watu wanasema ndiyo desturi, samaki wa kwanza hugawiwa. Ni desturi, ila desturi inakubakizia kichwa na tumbo. Mama hakubakiza hata ngozi. Mwezi huu wote amekula supu za makopo. Nilimuuliza juzi kwa nini. Alikuwa anafuta uluaq yake, hakuinua uso. Aliniambia, "Nilikaa pale ukingoni, Olinka. Macho yangu yamechoka, lakini mbwa na mfalme bado nawatofautisha."

Kumbe asubuhi ile aliona jinsi wafalme walivyopita wachache. Alijua pale redio ilipotangaza hesabu, na hakusema, ili asianze ugomvi juu ya samaki. Aliingia majini pamoja na wengine kwa sababu angebaki nyumbani wangemuuliza. Na baada ya samaki kufa hakuweza kuwatupa, maana aliyekufa kwa ajili yako hatupwi. Ikabidi awatafutie walaji wasiojua. Asiyejua hana kosa, alisema. Ndiyo maana sanduku likaja kwako.

Nimemwandikia Garrett pia. Bahasha yake na yako zinaondoka kwa ndege moja. Kazi nitafukuzwa, na ni haki. Hesabu ikisahihishwa, mwakani huenda mto usifunguliwe hata saa moja, na kila mtu atajua ni kwa sababu ya nani. Barua hii mtumie Shangazi Matrona, aisome kwenye redio kama alivyoisoma yako, na asiruke mstari. Mama nimeshamwambia. Alisema nivae soksi kavu.

Nisalimie shemeji, na Sofia mbusu kwa niaba yangu. Evon na Nick wanakusalimu. Mama anakusalimu sana, anasema uje kabla mto haujaganda.

Na lile sanduku, kama kuna vipande vilivyobaki, usile tena, kwa kuwa sasa unajua. Wala usitupe. Virudishe kwa ndege ya Ijumaa, kwa jina langu. Nitavila mimi, mpaka kiishe cha mwisho.

Ni mimi mdogo wako,
Olinka