Sahihi ya Marehemu

Mbale, 18 Oktoba 1997

Shemeji Herbert,

Salamu zikukute hapo Jinja ukiwa na nguvu, wewe na Milly na watoto. Sisi huku tupo, tunanyeshewa. Kifua changu kimepona. Mguu bado unaniuma asubuhi nikishuka mtoni, lakini hilo si la kuandikia barua. Nakuandikia Kiswahili kama siku zote, maana miaka kumi na tano tangu niolewe kwenu, Kisoga changu bado ni cha kuombea chumvi tu. Wenzako ofisini, ambao Kiswahili kwao ni lugha ya askari tu, wakikucheka kwamba umeletewa barua ya jeshi, waambie jeshi lenyewe ni mjane mmoja kutoka Busia ya Kenya.

Shemeji, mto umepanda. Tangu kaka yako Yekosofati afariki mwaka 1991 sijaruka hata siku moja. Saa tatu asubuhi na saa kumi na moja jioni nashuka darajani, nasoma namba kwenye ule mti wa chuma, naandika kwenye daftari. Jumamosi nanakili kwenye kadi ya ofisi yenu ya maji, naitia posta ije kwenu. Na chini natia sahihi yake, Y. Isabirye, kama ulivyonifundisha wewe mwenyewe wiki ile ya matanga, ili nisinyang'anywe hiki kijumba cha serikali cha msomaji wa mto. Miaka sita yote maji hayakuwahi kupita mita moja na nusu. Wiki hii yamefika mbili na robo.

Unajua mstari mwekundu uko mita tatu. Nyuma ya kila kadi mmechapisha wenyewe kwamba maji yakikaribia mstari, ofisi itatoa karatasi ya kuhamisha watu. Watu wenyewe ndio sisi wa Bondeni, hapa chini ya Malukhu, nyumba arobaini na kitu. Nilikwenda kwa mwenyekiti wa mtaa, nikamwambia tuanze kuwapandisha watu kwenye shule ya juu. Akanijibu, "Mama, mimi siwezi ondoa watu na mdomo tupu. Leta karatasi ya Jinja."

Basi nitumie hiyo karatasi. Kadi zetu zinapita mkononi mwako, sina mwingine wa kumwomba.

Ni mimi shemeji yako,
Maximilla


Jinja, 27 Oktoba 1997

Mpendwa shemeji,

Nimefurahi kusikia kifua kimetulia. Mguu ukande kwa maji ya moto, usiudharau. Huku sote wazima, ila ziwa nalo limepanda, magugu maji yamesogea mpaka karibu na gati na watoto wanafikiri ni shamba. Barua yako imenipa jina jipya. Jimmy wa mapokezi alichungulia begani kwangu, na tangu siku hiyo ananipigia saluti, "Jambo, afande."

Kadi zimefika, nimeziweka mwenyewe juu ya meza ya mkubwa. Ila mkubwa hayupo. Yuko kwenye semina ya hii mvua ya El Ninyo, kwenye hoteli moja huko Kampala, akirudi ataziona. Haraka haraka haina baraka, shemeji, na mto ukipanda hushuka.

Kuna neno moja nakuomba ulitie moyoni. Usije ukaandika onyo lolote kwa jina lako, wala usimwambie mtu ni nani anayesoma mto. Huku kwenye orodha ya wafanyakazi kaka bado yu hai. Wakijua, wewe utatoka kwenye nyumba na mimi nitatoka kwenye kiti. Mimi nina watoto wanne.

Shemeji yako,
Herbert


Mbale, 8 Novemba 1997

Shemeji,

Hujambo? Mimi sijambo wa kusema tu. Barua hii nampa Odhiambo, dereva wa lori la mahindi, atakufikishia leo hii hii, kwa sababu posta yenu na semina yenu naona zinatembea mwendo mmoja.

Maji yako mita mbili na sentimita themanini. Yamekuwa mekundu kama udongo wa mlimani, na yanashuka na kabichi nzima nzima na migomba yenye mikungu yake, kwa hiyo huko juu mashamba ya watu yamekwisha kwenda. Mvua haijakatika siku tano. Unaniambia mto ukipanda hushuka. Kweli, lakini unashuka na nini? Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na mwenye ofisi ya ghorofani hamjui mwenye kitanda kinachoelea.

Nikutajie watu, maana naona huko tumekuwa namba. Jirani yangu Racheal amejifungua mapacha juzi, hata kuketi vizuri hawezi. Hadijah wa duka la mafuta ya taa anamlea mama yake aliyepooza. Na yuko mzee Otim, yule polisi mstaafu wa kutoka Lira. Unamkumbuka, ndiye aliyebeba jeneza la kaka yako upande wa mbele. Anaishi peke yake na redio yake. Nilimwambia, "Afande, tuhame." Akasema, "Mama, mimi nilikaa kazini miaka thelathini. Sikuacha lindo bila amri hata siku moja. Amri ikikuja, natoka." Kila mtu hapa anangoja karatasi yako, shemeji, hata wale wanaojifanya hawaogopi.

Mkubwa amerudi? Kama hajarudi, hakuna mwingine mwenye mkono wa kushika kalamu?

Shemeji yako,
Maximilla


Jinja, 12 Novemba 1997

Shemeji mpendwa,

Natumaini mtaamka salama. Namwahi Odhiambo, kesho anarudi huko, kwa hiyo nitaandika mbio mbio.

Mkubwa amerudi. Nilimpelekea kadi na barua ya maombi niliyoipiga chapa mwenyewe. Alizisoma, nakuapia alizisoma. Akasema namba ni kubwa mno, huenda msomaji amekosea, na karatasi ya kuhamisha watu si mchezo, magazeti yatacheka mto usipofurika. Anataka kadi tatu mfululizo zilizopita mstari mwekundu. Tena anasema Isabirye aje mwenyewe Jinja amweleze anavyopima.

Shemeji, nilitoka jasho. Nikasema Isabirye anaumwa. Akasema basi apone kwanza.

Najua utakasirika. Lakini nilifanya nililoweza. Vumilia wiki tatu tu, na tafadhali, tafadhali, jina lako lisionekane popote.

Herbert, shemeji yako


Mbale, 19 Novemba 1997

Herbert,

Leo sikuulizi hali. Nakuandikia nikiwa shuleni juu, darasa la nne, tumelala humu familia kumi na moja. Hali yangu utaisoma mwenyewe.

Alhamisi tarehe kumi na tatu, saa tatu asubuhi, nilisoma mita tatu na sentimita kumi. Saa sita Odhiambo akaniletea barua yako. Niliisoma nimesimama darajani, nikacheka kwa sauti, mpaka Odhiambo akaniuliza kama nina homa. Isabirye apone kwanza. Mwambie mkubwa wako Isabirye atakuja Jinja siku ya ufufuo pamoja na wengine wote.

Nikachukua kadi tupu, nikaandika nyuma yake, kwa Kiingereza kile kile cha kadi zenu, kwamba watu wa Bondeni wahame leo kabla ya saa kumi. Nikaitia sahihi. Sahihi gani? Ile uliyonifundisha. Miaka sita mkono umezoea. Nikampa mwenyekiti, nikasema imekuja na lori kutoka Jinja. Mwenyekiti alihamia huku mwaka 1994, kaka yako hakumjua hai wala maiti. Alitazama sahihi, akaona ndiyo ile ya kadi anazoziona kila Jumamosi nikipeleka posta, akasema, "Sasa hii ndiyo karatasi." Kwa nusu saa ile, Herbert, nilijivuna. Nilifikiri nimewashinda.

Tukaingia nyumba kwa nyumba. Racheal tulimbeba na godoro lake, mapacha akawashika Hadijah, mama yake Hadijah akapandishwa kwenye baiskeli. Tukafika kwa mzee Otim, mimi na mwenyekiti. Alikuwa tayari amevaa koti lake la kazi, vifungo vyote, na mfuko umefungwa uko mlangoni. Alikuwa anataka kwenda, nataka ulijue hilo. Akaomba aione amri. Akavaa miwani, akasoma, akanitazama mimi, hakumtazama mwenyekiti.

Akasema, "Mama, hii mtu nilizika mimi. Nilibeba sanduku yake na hii bega. Mtu amekufa hawezi toa amri."

Akasema tena, taratibu, kama mtu anayemsaidia mtoto hesabu, "Mimi naona wewe kwa mto kila asubuhi, mvua, jua. Kama hii maneno ni yako, andika jina yako hapa chini. Mimi natoka saa hii."

Kalamu nilikuwa nayo. Mwenyekiti alikuwa amesimama kando yangu anasikiliza. Barua yako ilikuwa kifuani mwangu, imelowa jasho, inasema, "Jina lako lisionekane popote." Nikafikiri nyumba yangu. Nikafikiri watoto wako wanne. Nikasema, "Hapana, afande, karatasi ni ya Isabirye. Kuna Isabirye mwingine."

Alijua ni uongo. Hakunifokea. Alivua filimbi yake ya zamani shingoni, akanipa, akasema niwaite nayo wengine, hao wa mwisho kule kwenye mianzi walikuwa hawasikii kwa kelele ya mvua. Kisha akakaa kwenye kiti chake, akawasha redio. Nilipuliza ile filimbi mpaka mdomo ukatoka damu. Mwenyekiti aliwatuma vijana wawili warudi kumchukua kwa nguvu, wakakuta maji yamekwisha fika kiunoni barabarani. Ilikuwa saa kumi na dakika chache. Kutoka shuleni tuliona mapaa yakienda.

Walimpata Jumamosi, amekwama kwenye miti ya pembeni mwa mashamba ya mpunga, na koti lake, vifungo vyote. Watu wote wa Bondeni wamepona, Herbert. Wote. Aliyepotea ni mtu mmoja tu, yule aliyetaka kuambiwa ukweli.

Sasa sikiliza. Nina hasira na mkubwa wako, aliyesoma namba akaona ni kubwa mno kwa hiyo ni za uongo. Nina hasira na mwenyekiti, asiyeamini macho yake mpaka macho yaje na muhuri. Nina hasira na wewe. Na hasira ninayolala nayo ni ya kwangu mimi, maana kalamu nilikuwa nayo mkononi. Usinitumie pole. Nieleze tu ofisi yenu inasema nini.

Maximilla


Jinja, 28 Novemba 1997

Shemeji yangu mpendwa,

Sijui nianzeje salamu. Milly amelia. Sisi hapa ni wazima wa mwili.

Umeniuliza ofisi inasema nini. Kulikuwa na mkutano. Walikuja watu kutoka Kampala wakauliza kwa nini karatasi haikutolewa. Kumbe kuna mtu wa Mbale aliyekwisha waandikia kwamba Isabirye alikufa zamani. Mkubwa akafungua faili, akasema, kadi za marehemu si kadi. Akasema kwa hiyo toka mwaka 1991 ofisi haikuwa na msomaji pale, haikuwa na habari yoyote ya mto, na ofisi isiyokuwa na habari haiwezi kulaumiwa. Wale wa Kampala wakaandika hivyo. Ilichukua kama robo saa, kisha wakaletewa chai.

Wakaniuliza mimi kama najua ni nani aliyekuwa akiandika. Nilisema sijui. Shemeji, watu saba walikuwa wananitazama. Nilisema sijui, na sasa nimekwisha lisema, maji yakimwagika hayazoleki.

Kadi wamezifunga kwa kamba, zitachomwa pamoja na makaratasi mengine ya zamani. Kilichobaki ni lile daftari lako. Nakuomba kama ndugu, lichome. Likionekana, litatuzamisha sote wawili, na Otim hatarudi. Nyumba hiyo iache kimya kimya, uje Jinja. Tuna chumba cha nyuma, Milly amekwisha kipiga deki. Watoto watafurahi kukuona.

Nijibu upesi.

Shemeji yako daima,
Herbert


KADI YA MTO
Daraja la Bondeni, Mbale. Jumamosi, 6 Desemba 1997

Inaletwa bila bahasha, kama kadi zote, ili kila mtu ofisini aisome akipita.

Jumatatu: mita 2.05. Jumanne: 1.95. Jumatano: 1.95. Alhamisi: 2.20, mvua mlimani. Ijumaa: 2.10. Leo: 2.00.

Maelezo: Mti wa chuma ulichukuliwa na maji tarehe 13 Novemba. Sasa napima kwa kamba yenye mafundo kwenye nguzo ya daraja, mpaka mlete mwingine. Katika mafuriko hayo alikufa mtu mmoja, Otim, polisi mstaafu, aliyekuwa akingoja amri. Tumemzika karibu na kaburi la Y. Isabirye, aliyefariki 1991, ambaye hajasoma mto huu tangu hapo. Aliyesoma ni mimi. Daftari la miaka sita halikuchomwa, liko kwa mwenyekiti wa mtaa, na watu wa Bondeni wanalisoma wanapotaka. Mkihitaji nyumba yenu, njooni mchana, nitakuwa darajani. Karani anayepokea kadi hizi ananijua. Mwulizeni tena.

Msomaji: Maximilla Nabwire